Majibu ya Kweli ya Damu ya Mama Yako

Walikale, Jumanne, saa nane mchana

Solange, mwanangu,

Kesho asubuhi pikipiki itakuja kukuchukua, na barabara ikikubali, baada ya siku chache utakuwa Kisangani. Sitakuandikia habari za chakula, wala za kufunga mlango, wala za kuchagua marafiki. Umeishi nami miaka kumi na mitatu. Kama hayo hayajakuingia, karatasi haitayaingiza. Nina jambo moja tu. Nilipaswa kukuambia ulipokuwa na miaka kumi, tena ulipokuwa na kumi na tano, na kila mara nilipofungua kinywa kikatoka kitu kingine.

Umechagua shule ya labo, ya kupima damu. Ulipokuja kuniambia nilifurahi mbele yako, halafu nikaenda kukaa peke yangu nyuma ya nyumba. Nilijua kinachokuja. Siku moja, labda mwaka wa pili, mwalimu atawafundisha yale yanayoonekana katika damu na mkojo wa mtu ambaye kansere imemhamia mifupani. Ataandika ubaoni: kalsiumu, fosfataze alkalini. Utaandika katika daftari lako. Kisha kalamu itasimama, kwa sababu utamkumbuka mama yako, kiu yake na mguu wake, na utakumbuka kwamba miye, ndugu yake, njo nilikuwa mwenye labo ya hospitali yetu. Utajiuliza: Mama mudogo hakuona?

Niliona, Solange.

Una picha moja tu ya mama yako, ile ya ubatizo, na pale amekaza uso kwa sababu mpiga picha alimkemea asicheke. Mapendo hakuwa hivyo. Alikuwa mrefu kuliko miye, na sauti yake ilisikika kutoka shamba la ng'ambo ya bonde. Gunia la viazi alilibeba mgongoni, kamba kwenye kipaji cha uso, na bado alipanda kilima akigombana na mimi juu ya jambo la juzi. Baba yako alikufa ulipokuwa unanyonya, na tangu hapo alilima peke yake. Ulipokuwa na miaka mitatu wakamkata titi la kushoto Goma. Alirudi, kidonda kikapona, akashika jembe. Tukahesabu mwaka mmoja, wa pili. Tukaacha kuhesabu.

Halafu mgongo ukaanza. Baadaye nyonga ya kuume. Wote tulisema ni kazi ya shamba, yeye wa kwanza. Lakini nilimwona anavyokunywa maji. Alikuwa anakuja kwangu, anainua kibuyu, anakunywa mpaka mwisho, na kabla hatujamaliza mazungumzo ameomba tena. Chakula hakukitaka. Alikuwa anasahau maneno. Aliniita kwa jina la mama yetu mara mbili katika siku moja, na mara ya pili hakujua kwamba amekosea.

Nilimpeleka kwa daktari wetu. Hospitali yetu ilikuwa ndogo, juu kule Masisi, upande ule milima inapoanza kutelemkia misitu ya Walikale. Daktari alikuwa kijana aliyetoka kumaliza masomo, na hakuwa na mashine ya radio ya kupiga picha ya mifupa. Alimgonga Mapendo mgongoni kwa vidole, pole pole, mpaka akafika mahali alipopiga kelele. Akamwambia avae nguo, akaniita pembeni.

“Mama Jeanne,” akasema, “kansere ya titi inapenda mifupa. Ikifika pale inaula mufupa, na mufupa unajaribu kujijenga tena. Ile inaliwa inamwaga kalsiumu kwa damu, na figo zinaitoa kwa mukojo. Njo sababu ya ile kiu. Ile inajengwa inapandisha fosfataze. Unipimie damu na mukojo.”

“Na zikiwa juu, ni yenyewe?”

“Peke yake haitoshi. Ini ikigonjwa, fosfataze inapanda. Mimba pia. Hata mutoto mwenye angali anakomaa. Kalsiumu nayo iko na mambo yake. Lakini mwanamuke alikatwa titi, mifupa inamuuma, na vyote viwili vimepanda? Simuachi hapa. Gari ya hospitali inashuka Goma Ijumaa. Imebaki nafasi moja. Uniletee rezulta za damu na mukojo kesho.”

Alimkataza mama yako maziwa kwa siku ile yote, kwa sababu maziwa yanaweza kuongeza kalsiumu katika mkojo, na sisi watu wa milima ile tunakunywa maziwa kama wengine wanavyokunywa maji. Mapendo hakuonja hata tone. Najua, kwa sababu alilala kwangu.

Asubuhi ya Alhamisi nikaanza na mkojo. Papa Deo, mkuu wa labo kabla yangu aliyenifundisha kazi, aliniachia dawa moja ya zamani ya oksalati ambayo leo labda hamtaiona shuleni. Unachanganya mkojo na dawa ile katika kichupa cha kioo, sawa kwa sawa, unangoja dakika mbili au tatu. Kama kalsiumu ni kidogo, hakibadiliki kitu. Ikiwa ya kawaida, unaona wingu jepesi, na nyuma yake bado unaweza kusoma maandishi. Ikiwa nyingi, inageuka nyeupe.

Haikungoja dakika mbili. Iligeuka mbele ya macho yangu, nzito, kama maziwa yaliyokamuliwa muda huo. Nilishika kichupa juu ya ukurasa wa kitabu na sikuona herufi hata moja.

Nikajiambia amekunywa maziwa. Nilimdanganya mtu wa kwanza siku ile, na mtu huyo nilikuwa miye mwenyewe.

Nikapima damu. Kalsiumu ilikuwa juu. Fosfataze ilikuwa mara nne ya mwisho wa kawaida. Nikasafisha kila kitu, nikarudia yote. Zikatoka karibu namba zile zile. Nikaziandika kwenye kipande cha karatasi, mpango wangu ukiwa kuzihamisha kwenye kitabu cha majibu. Hapo nikakumbuka boksi lililokuwa juu ya kabati. Friji ya sola ilikuwa imekufa kwa wiki tatu, na dawa za kupimia zilizokuwa ndani yake zilikaa katika joto zikaharibika. Tulipoletewa mpya tuliziweka kando ili zitupwe. Nilipanda juu ya kiti nikazishusha. Sikujiuliza kwa nini. Mikono ilikuwa inafanya yenyewe. Nikapima mara ya tatu kwa dawa zile zilizokufa, na mashine ikanipa namba nzuri, namba za mwanamke mzima anayelima viazi.

Niliinua kichwa, na Mapendo alikuwa amesimama nje ya dirisha, mkono kwenye nyonga, weye umeshika kitenge chake.

“Jeanne. Iko muzuri?”

Nikajibu: “Iko muzuri.”

Solange, nimelirudia neno hilo miaka yote hii kutafuta ni wapi lilitoka. Sikuwa nimeamua kudanganya. Nilimwona vile anasimama, nilikuona weye, na mdomo ukasema. Mara mdomo uliposema, mkono ukafuata. Niliandika namba za mara ya tatu katika kitabu. Kwa mkojo niliandika “wingu jepesi”. Kichupa nikakimwaga, nikakisuuza, nikakisuuza tena.

Mama yako alicheka, kicheko chake kile. “Njo nilikuambia ni jembe tu,” akasema.

Daktari alisoma karatasi ya majibu niliyomnakilia kutoka kitabuni, akiwa amesimama. Akaigeuza, kama kwamba nyuma kulikuwa na kitu. “Una hakika, Mama Jeanne?”

“Ndiyo, daktari.”

“Dawa zilikuwa nzuri?”

“Zilikuwa nzuri.”

Akaikunja karatasi. Aliniamini, kwa sababu sikuwahi kumpa sababu ya kutoniamini. Ile nafasi ya Ijumaa ikapewa mama mmoja mwenye mimba iliyokaa vibaya. Nililiona gari likiondoka kuelekea Mushaki, njia ya Goma, likizunguka kona, na nikajiambia kwamba Jumatatu nitamwita Mapendo, nitapima upya, nitasema mashine ilikosea. Nilikuwa nimepanga hata maneno.

Jumamosi tulianza kusikia mlio wa bunduki bondeni. Jumapili ulikuwa juu ya kilima, karibu na sisi. Watu walitoka kanisani na kuendelea moja kwa moja njiani, wengine na viatu vya ibada.

Tulishuka kuelekea Walikale kwa njia za miguu. Weye ulikuwa na miaka sita. Ulikuwa na kidonda chini ya mguu kilichotunga usaha, na ilipofika mchana hukuweza kukanyaga. Mapendo akakufunga mgongoni kwa kitenge. Miye nilikuwa na sufuria, blanketi na debe la maharagwe. Nilimwona anavyotembea. Mguu wa kuume alikuwa anauvuta, anauweka chini kama mtu anayejaribu kama maji ni ya moto.

Nikamwambia: “Nipe mutoto. Weye chukua maharagwe.”

“Kwa nini?”

“Unaumwa.”

“Si uliandika mifupa yangu iko muzuri?” Alisema akitabasamu, bila ubaya. “Wacha mutoto wangu. Amelala.”

Hapo ilikuwa nafasi yangu ya pili, na hii ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza. Hakukuwa na daktari, hakukuwa na kitabu, tulikuwa dada wawili njiani. Ningesema: Mapendo, nilidanganya, mufupa wako unaliwa, muweke mutoto chini. Maneno ni machache. Nilinyamaza, nikatembea nyuma yake siku nzima nikiutazama mguu ule, kila hatua, na kila hatua iliposhika nilishukuru Mungu kama vile niko mwema.

Siku ya pili, msitu ulipoanza kuwa mzito, tulivuka kijito kidogo. Hakuteleza. Nataka ulijue hili, kwa sababu baadaye watu walisema aliteleza kwenye jiwe. Hapakuwa na jiwe. Maji yalifika kwenye kifundo cha mguu tu. Alitoka majini, akapanda ukingo usiofika hata goti, akaweka mguu wa kuume, na nikausikia mfupa. Ulilia kama muhogo mkavu unapovunjwa. Alikaa chini pole pole, akikushika kwa nyuma kwa mikono yote miwili ili usiumie, na hakupiga kelele. Alikuwa anashangaa.

Uliamka. Ukajitoa kwenye kitenge, ukamzunguka ukitambaa, ukaona mguu umegeukia mahali ambapo mguu haugeukii. Na ukauliza, kwa sauti ndogo: “Mama, ni juu yangu? Niko muzito?”

Mama yako alikuwa ameanza kupoteza fahamu. Wanaume tuliokuwa tunakimbia nao walikuwa wanakata miti ya kutengeneza kipoyi cha kumbebea. Miye nilikusikia. Nilikuwa karibu nawe kama nilivyo karibu na meza hii, na nilikuwa mtu pekee duniani aliyejua jibu. Sikukujibu.

Wanaume wanne walimbeba mpaka Ntoto. Tulipewa chumba nyuma ya nyumba ya katekista, na pale aliishi wiki tano. Mguu tuliufunga na vipande vya mti. Maumivu siwezi kuyaandika, na ulikuwepo, ulisikia, ingawa nilikuwa nakutuma kisimani kila mara ili usisikie. Kiu haikuisha. Kuna siku alizungumza na watu ambao hawakuwamo chumbani, na siku zingine akili ilirudi safi kabisa. Katika moja ya siku hizo safi, mvua inanyesha, nilipiga magoti kando ya mkeka nikamwambia yote. Mkojo uliogeuka maziwa. Dawa zilizokufa. Nafasi ya Ijumaa.

Aligeuza uso ukutani, nikafikiri amelala.

“Nilikuona,” akasema. “Nilikuwa pale kwa dirisha kabla ya kukuita. Nilikuona unarudilia mara tatu. Muntu harudilie mara tatu kitu chenye kuwa kizuri.”

“Sasa kwa nini uliniuliza?”

“Nilitaka unijibu.” Akavuta pumzi. “Na pale njiani nilikukumbusha. Nilingojea. Ulikuwa unatembea nyuma yangu siku yote muzima, Jeanne, nilikuwa nasikia miguu yako. Nilikuwa nasema, sasa ataniambia. Sasa ataniambia.”

Nikaweka kichwa kwenye ukingo wa mkeka. Naye hakusema amenisamehe. Watu wengine wangeweka neno hilo hapa ili barua ipendeze, lakini hakulisema, na miye sitalisema kwa niaba yake. Alifunga macho, halafu akaongeza jambo moja: “Mutoto, usimudanganye.”

Alikufa baada ya siku nne. Nilikuchukua, na nikaanza kukudanganya siku ile ile, kwa kunyamaza.

Utafundishwa, na mwalimu atakuwa sahihi, kwamba kansere ikishafika mifupani kuiondoa ni vigumu sana. Goma wasingemponya. Nimejificha nyuma ya ukweli huo miaka mingi, na ni ukweli, lakini hautoshi kumficha mtu. Goma wangempiga picha, wangeona mfupa wa paja umeliwa, wangemwambia asibebe mzigo, asitembee bila fimbo. Wangemwekea maji kwenye mshipa kushusha kalsiumu ile, na kichwa chake kingetulia. Wangempa dawa ya maumivu yenye nguvu kuliko vidonge vyangu. Angekufa pia, nadhani. Lakini asingekufa Ntoto juu ya mkeka, mguu umefungwa na kuni. Na weye usingeuliza lile swali.

Kwa sababu najua bado unaliuliza. Hujawahi kuniambia, na miye sijawahi kukuuliza, lakini naishi nawe. Hujawahi kubebwa na mtu tena tangu siku ile. Kidonda chako kilipona ukichechemea, ulikataa mgongo wa kila mtu. Mtoto wa jirani akitaka kukurukia mgongoni, unamshika mkono. Dada wa kwaya akikupa mtoto wake unampokea kifuani, unamrudisha haraka. Mwaka jana ulipoangushwa na malaria mpaka huwezi kusimama, nilikuinamia nikusaidie kufika kituo cha afya, na ukasema katika homa: “Apana, Mama, utavunjika.” Nilitoka nje. Ulifikiri nimekwenda kutafuta pikipiki. Nilikwenda pia kutafuta pikipiki.

Sasa sikiliza, miaka kumi na mitatu nikiwa nimechelewa. Haikuwa juu yako. Ulikuwa mtoto mwembamba wa miaka sita, hukufika uzito wa gunia ambalo mama yako alibeba wiki mbili kabla. Mfupa ule ulikuwa umeliwa kutoka ndani miezi mingi, na damu yake ilisema hivyo, na mkojo wake ulisema hivyo, na miye nilivinyamazisha. Ungekuwa umetembea mwenyewe, labda mfupa ungevunjika kesho yake chini ya sufuria, au akiinuka tu kutoka kitandani. Kama kuna mtu mzito aliyembebesha mama yako siku ile, ni mimi.

Ndani ya bahasha hii utakuta kile kipande cha karatasi chenye namba za mara ya kwanza na ya pili. Nilikitia katika Biblia kabla ya kukimbia, na kimekaa pale mpaka wino umekuwa rangi ya chai. Utaweza kuzisoma mwenyewe. Ukizielewa bila msaada wa mwalimu, ujue umekuwa laborantine, mpimaji kamili.

Kuna la mwisho, na hili nalo ningependa kulipita. Mama yako alipata ugonjwa ule akiwa kijana bado. Mama yetu sisi wawili alikufa na uvimbe kifuani ambao hakuna aliyeupa jina. Sijui kama jambo hili linatembea katika damu yetu. Hakuna kipimo changu kinachoweza kuniambia, na hizo namba za fosfataze na kalsiumu zinasema tu pale mambo yameshafika mbali. Kila mwezi ujishike matiti kwa vidole, mwenyewe, bila haya. Ukisikia kitu, mwambie daktari siku hiyo hiyo. Usiniandikie miye kwanza. Unaona miye hufanya nini na habari mbaya ninapompenda mtu.

Nilikuwa nimepanga kuficha barua hii chini ya nguo zako, uisome ukiwa umefika mbali. Nimefikiri tangu asubuhi, na nimeona hiyo ingekuwa mara ya tatu ya kutembea nyuma ya mtu nikinyamaza, baada ya njia ile ya mama yako na miaka hii yako kumi na mitatu. Nitakupa mkononi leo, jua likiwa bado juu, na nitakaa mbele yako mpaka umalize. Uliza lolote. Nitajibu hata lile litakaloniumiza kusema. Na kama hutauliza kitu, kama utasimama uende kulala kwa rafiki yako na kesho upande pikipiki bila kuniaga, sitakufuata njiani.

Ni miye Jeanne, ndugu mudogo wa Mapendo aliyekuzaa. Lile jina lingine ulilokuwa unaniita, hata katika homa, sitaliandika hapa. Ni lako, utaona mwenyewe kama bado unataka kulitumia.